Laptopu uliyoizoea imekuja na sura mpya na huielewi? Fanya hivi kabla siku za kurudisha hazijaisha

Kuna hasira fulani anaijua mtu aliyetumia laptopu za kampuni moja miaka kumi na zaidi. Sio hasira ya kuuziwa kitu kibovu, hapana, ni kama umeingia jikoni kwako usiku ukakuta kuna mtu amehamisha vyombo vyote bila kukuuliza, unanyoosha mkono pale chumvi ilipokaa miaka yote na haipo.

Mi kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu. Laptopu tatu zilizopita zote zilikuwa za kampuni moja, sitataja jina lake maana ninachotaka kusema kinahusu nyingine pia, na kila nilipobadilisha nilifungua boksi, nikahamisha mafaili, ndani ya saa moja nipo kazini. Hii ya nne ndo ilinikalisha chini. Nikihariri mkono wangu wa kulia unafanya kitu kimoja siku nzima, kidole gumba kinashuka kwenye Ctrl ya kulia, vingine viko kwenye mishale, naruka neno baada ya neno bila kuangalia. Sasa pale ilipokuwa Ctrl ya kulia wameweka kitufe cha kuita msaidizi wa AI. Siku ya kwanza niko katikati ya sentensi ndefu nikabonyeza kama kawaida, dirisha likafunguka pembeni likawa linapokea kila ninachoandika, nakuja kunyanyua macho nakuta nusu aya ya mteja imeingia kwenye kisanduku cha maswali. Nikafunga. Dakika mbili baadaye, tena. Mpaka jioni nilikuwa nimehesabu mara 11.

Usiku ule nilitaka kuirudisha dukani asubuhi na mapema. Nashukuru sikwenda, maana ningerudisha kwa sababu ambayo siyo, na ile sababu yenyewe hasa nisingeiona. Kwa hiyo naandika hapa nilivyofanya, na ningemshauri mtu yeyote aliyekwama hivi afanye hivyohivyo.

Hesabu siku kwanza

Kabla hujagusa mipangilio yoyote tafuta risiti, angalia una siku ngapi za kurudisha. Kuna wauzaji wanatoa 14, kuna wanaotoa 30, na ndani ya Umoja wa Ulaya ukinunua mtandaoni sheria yenyewe inakupa siku 14 za kubadili mawazo bila kujieleza. Iweke hiyo tarehe kwenye simu na alamu ilie siku tatu kabla. Nasisitiza kwa sababu sisi tuliozoea kampuni moja tuna ugonjwa wa kujiambia nitazoea, nitazoea, siku zinakatika, afu mwezi wa pili ndo unakubali moyoni kwamba hiki kitu hakizoeleki na hakuna wa kukipokea tena. Boksi usitupe, stika usibandike, na ile laptopu ya zamani iache na kila kitu chake kama ilivyo.

Ila kazi ifanye kwenye mpya. Kazi yako halisi, sio kufungua video na kuisifia skrini. Kama unapiga mahesabu fungua lile jedwali lako zito kuliko yote, kama unahariri picha fungua zile 200 za juzi, na kama una mikutano ya video fanya mkutano mzima juu yake.

Daftari la kero

Chukua karatasi ya kawaida uweke pembeni ya laptopu. Kila ukikwama andika mstari mmoja: ulitaka kufanya nini, kimetokea nini. Usiandike "kibodi mbaya" maana hiyo haikusaidii kitu, andika "nilitaka Home nikazima sauti". Fanya siku tano.

Ukikaa kuzisoma utaona kero zinajigawa zenyewe mafungu matatu. Kuna za mikono, yaani kitu kipo ila kimehama. Kuna za kurekebishika, kwa programu au kwa kifaa cha kuchomeka. Na kuna zilizojengwa ndani ya mashine ambazo wewe huwezi, fundi hawezi, na kampuni yenyewe haiwezi tena maana mashine imeshatoka kiwandani. La kwanza lipe muda, la pili lipe jioni moja ya kutulia, la tatu ndo linaamua kama mashine inabaki au inarudi. Watu wengi tunayachanganya, mtu anarudisha mashine nzuri kwa sababu Delete imesogea sentimita mbili, na mwenzake anabaki miaka minne na mashine isiyomtosha kwa sababu tu kibodi yake tamu.

Daftari langu lilifika mistari 41. Mistari 23 ilikuwa ni kile kitufe kimoja. Na kulikuwa na mistari miwili tu, siku ya tatu na ya tano, imeandikwa "imeganda kidogo nilipofungua faili la pili". Karibu niiruke.

Kero za mikono

Kitu kilichohama tu mkono utakifuata. Kwangu Delete na PgUp zilichukua siku kama tisa, na kilichosaidia ni kutochapa kwenye kibodi mbili tofauti siku moja, ile ya zamani ilikuwa ya kusomea tu. Kata kipande kidogo cha selotepu ubandike juu ya kitufe unachokikosea, kidole kikiguse kijue kimefika, baada ya wiki unabandua.

Lakini kuna kitu kimoja nataka ujiambie ukweli wake mapema, vitufe visivyo na kingo. Kampuni ikiondoa safu ya juu ya vitufe ikaweka kioo cha kugusa, hapo hakuna cha mkono kujifunza, kidole hakina cha kupapasa, kila unapotaka kupunguza sauti lazima uangalie chini. Hiyo haizoeleki kama inavyozoeleka Delete iliyohama, na historia inaonyesha hivyo. Lenovo waliweka safu ya kugusa kwenye laptopu yao ya ThinkPad X1 Carbon ya 2014, na hapohapo Caps Lock ikaondolewa Home na End zikakaa mahali pake, mwaka uliofuata wakarudisha vitufe vya kawaida. Apple waliweka Touch Bar, safu yao ya kioo cha kugusa, kwenye MacBook Pro mwaka 2016 na hata Esc ikawa picha kwenye kioo, Esc ya kubonyeza ikarudi mwishoni mwa 2019 kwenye ile ya inchi 16, na zile za inchi 14 na 16 za 2021 zikaja na safu nzima ya vitufe. Kwa hiyo kama kero yako ni hiyo na kazi yako inategemea hiyo safu kila dakika, ihamishie fungu la tatu, usijidanganye.

Kero za vitufe zinazotibika

Hapa pana mengi, na watu wengi hawajui kama inawezekana.

Kwenye Windows kuna programu ya bure ya Microsoft wenyewe inaitwa PowerToys, ndani yake kuna Keyboard Manager, unachagua kitufe hiki kiwe kile, basi. Ubaya wake inafanya kazi pale tu PowerToys ikiwa imewaka, kwa hiyo kwenye ukurasa wa kuweka nywila mabadiliko yako hayapo. Ukitaka yakae moja kwa moja tumia SharpKeys, hiyo inaandika mabadiliko kwenye rejista ya Windows, unawasha upya mashine na imeisha, hata programu ukiifuta yenyewe mabadiliko yanabaki. Kwa Mac anzia kwenye mipangilio ya kibodi, kuna sehemu ya kubadilishana Control, Option, Command na Caps Lock, ukitaka zaidi ya hapo ipo Karabiner-Elements. Kwa Linux mi napenda keyd kwa sababu haijali uko kwenye mazingira gani ya skrini.

Kile kitufe cha AI kina ujanja wake kwa hiyo nikae hapo kidogo. Microsoft walikitangaza Januari 2024, na kwenye laptopu nyingi kimekalia nafasi ya Ctrl ya kulia au ile ya menyu. Ukikibonyeza hakitumi alama moja, kinatuma tatu kwa pamoja, kitufe cha Windows na Shift na F23, ndo maana ukijaribu kukibadilisha kama kitufe cha kawaida kwa SharpKeys unapata vurugu, Windows na Shift bado zimeshikiliwa huku. Tumia sehemu ya PowerToys ya kubadilisha mchanganyiko wa vitufe, sio ile ya kitufe kimoja. Ukimaliza usijaribu kwa kubonyeza mara moja ukaridhika, shikilia chini afu piga mshale wa kulia mara kumi, angalia kama inaruka neno kwa neno mpaka mwisho au inaachia njiani. Kama inaachia, basi kama Ctrl haikufai, ipe kazi ya kubonyeza mara moja tu. Kwangu ilikubali, na siku ile mistari 23 ya daftari ikafutika kwa mkupuo.

Fn ni hadithi nyingine. Kwenye laptopu nyingi Windows haiioni Fn kabisa, inashughulikiwa chini kwenye chipu ya kibodi, kwa hiyo programu zote hizo nilizotaja haziwezi kuigusa. Dawa iko kwenye BIOS, ile mipangilio unayoingia kabla Windows haijaanza kuwaka. ThinkPad za Lenovo kwa mfano zilikaa miaka na miaka na Fn kwenye kona ya kushoto chini na Ctrl ndani yake, watu wakakariri hivyo, kuanzia 2024 wakaanza kuzipindua Ctrl ikaenda kwenye kona kama kwa wengine wote. Aliyetoka kwa wengine amefurahi, aliyekaa nao miaka 15 kila akitaka kunakili anabonyeza Fn na C. Humo ndani ya BIOS kuna chaguo la kuzibadilishana, ni dakika moja. Na kama kero ni kwamba F2 inapunguza sauti badala ya kuwa F2, jaribu Fn pamoja na Esc, kwa laptopu nyingi hiyo ndo inafunga na kufungua, isipokubali angalia hukohuko kwenye BIOS.

Matundu yaliyopotea

Wameondoa HDMI (tundu la kuunganisha skrini ya nje), tundu la kadi ya kamera, pengine hata la hedifoni, wamekuachia USB-C mbili tu na moja inaliwa na chaja. Usikimbilie kununua habu, kile kifaa cha kuongeza matundu, ya kwanza unayoiona. Tundu la USB-C ni umbo tu, halisemi linafanya nini, kuna linalopitisha data peke yake, kuna linalochaji, kuna linalotoa picha, kuna linalofanya yote, na matundu mawili yaliyokaa jirani kwenye laptopu moja yanaweza kuwa tofauti. Fungua karatasi ya sifa za modeli yako, sio ya familia nzima, soma kila tundu. Alama ya radi yenye mshale pembeni ya tundu ni Thunderbolt, hapo una uhakika wa picha na data ya kasi.

Afu waya. Watu wanailaumu laptopu haichaji vizuri kumbe waya wa simu. Waya wa USB-C usio na chipu ndani yake mwisho wake ni wati 60, ukitaka 100 au zaidi lazima uwe ule wenye chipu, na kiwango kilichotoka 2021 kinafika wati 240 kwa waya ulioandikwa hivyo. Ukichaji kupitia habu, habu nayo inachukua wati zake kwanza, kwa hiyo chaja ya 65 ikifika kwenye mashine imeshapungua. Mi hii ya matundu siihesabu kama kero ya kurudishia mashine kama muda mwingi unakaa meza moja, nunua doki moja nzuri inabaki mezani. Kwa mtu wa kutembea ni tofauti kabisa, anayefika ukumbini kuonyesha slaidi na adapta ameisahau nyumbani ana haki ya kukasirika, kwa huyo tundu ni sehemu ya kazi.

Begi la moto

Hii sijui kwa nini haizungumzwi vya kutosha. Unafunga laptopu mchana ikiwa na betri asilimia 80, unaiweka kwenye begi, jioni unaitoa ni ya moto kama pasi na betri imekwisha. Watu wanadhani betri mbovu. Mara nyingi shida ni namna mashine mpya za Windows zinavyolala. Zamani ukifunga kifuniko karibu kila kitu kilizima, ikabaki memori tu inalishwa umeme kidogo. Sasa nyingi zinalala kama simu, jicho moja wazi, zinaweza kuamka zenyewe kupokea apdeti, na ukishaitia kwenye begi lisilopitisha hewa ndo hayo.

Hakikisha mwenyewe. Fungua Command Prompt andika `powercfg /a`. Ukiona imeandika S0 Low Power Idle na S3 inasema haipatikani, basi una ule usingizi mpya. Andika tena `powercfg /sleepstudy`, ukiwa na ruhusa za msimamizi, itakutengenezea ripoti inayoonyesha kila usingizi umekula asilimia ngapi na nani alikuwa anaamka. Dawa niliyoiamini mimi ni kuachana na kulala kabisa nikifunga kifuniko, nimeweka hibernate, mashine inaandika kila kitu kwenye diski afu inazima kabisa. Kama chaguo halionekani liwashe kwa `powercfg /hibernate on`, kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme useme kifuniko kikifungwa ifanye hivyo. Kuwaka inachelewa sekunde chache, kwa SSD, yaani diski za kasi, za siku hizi hata huhisi sana, na toka siku hiyo begi langu halijapata moto.

Ukiwa hapo pima na joto la kawaida. Mashine ikipunguzwa unene feni nayo inapungua na nafasi ya hewa inapungua. Usipime kwa dakika moja, dakika ya kwanza kila laptopu ni shujaa. Ipe kazi nzito nusu saa ikiwa kwenye umeme, afu nusu saa kwenye betri, angalia kama kazi ileile inachukua muda uleule. Ikidondoka kasi kwa nusu, hiyo ni ya fungu la tatu, hakuna mpangilio wa kuongeza chuma.

Na macho. Kama ulitoka kwenye skrini ya kawaida ukaja kwenye OLED na jioni kichwa kinauma, punguza mwanga mpaka chini afu iangalie kupitia kamera ya simu, ukiona mistari inatembea jua skrini inawaka na kuzima kwa kasi ili kupunguza mwanga. Kuna ambao hawaathiriki kabisa, kuna ambao hawawezi nusu saa. Kama wewe ni wa pili, badilisha skrini, yaani badilisha modeli.

Vilivyochomelewa

Sasa hapa ndo nilipokuta sababu yangu.

Ile mistari miwili ya kuganda. Nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inatumia nini, huku kazi zangu zote zikiwa wazi, faili mbili kubwa, kamusi, kivinjari chenye vichupo kama 30, RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, inasoma GB 14.1 kati ya 16. Kwenye laptopu yangu ya zamani hilo lisingekuwa tatizo, mwaka wa tatu nilifungua skrubu chini, nikachomeka kipande kingine cha memori, nikafunga, dakika 15. Hii mpya memori imechomelewa kwenye mazabodi. Hakuna tundu. Hizo 16 nilizonunua ndo hizo mpaka inakufa.

Kampuni hazifanyi hivyo kwa ubaya tu, niseme kweli, zile memori zinazotumia umeme mdogo zinataka kukaa karibu sana na prosesa, na kipande cha kuchomeka cha mtindo wa zamani hakiwezi kasi hiyo. Kuanzia 2024 imeanza kuonekana aina mpya ya kipande cha kuchomeka kiitwacho LPCAMM2 kinachotatua hilo, ThinkPad P1 ya mwaka huo ilikuja nacho, na Framework tangu 2021 wanajenga laptopu nzima kwa wazo la mtu kufungua mwenyewe. Lakini nyingi bado zimechomelewa, na tangazo la sura mpya halisemi, linasema tu imekuwa nyembamba zaidi.

Kwa hiyo kabla siku hazijaisha tafuta mwongozo wa matengenezo wa modeli yako, kampuni kubwa nyingi wanauweka kwenye tovuti zao bure, ule wenye picha za skrubu. Angalia vitu vinne: RAM inatoka? SSD inatoka na ni ya urefu gani, maana ya milimita 42 na ya 80 hazibadilishani nafasi hivihivi? Betri imefungwa kwa skrubu au kwa gundi? Kibodi inatoka peke yake au lazima ubadilishe kifuniko kizima cha juu? Hilo la mwisho watu wanalidharau, mpaka maji yamwagike.

Kwa RAM usijiulize leo unatumia ngapi, jiulize mwaka wa mwisho wa mashine hiyo utatumia ngapi, maana huwezi kuongeza njiani. Mi nilirudisha siku ya 12 nikachukua modeli ileile, rangi ileile, na kile kitufe cha AI palepale, ila yenye GB 32. Usiku ule wa kwanza ningeirudisha kwa hasira ya kitufe kinachorekebishika kwa dakika kumi, na pengine ningeenda kuchukua nyingine yenye Ctrl nzuri na GB 16 zilizochomelewa.

Usikae na mashine mbaya ukisubiri watubu

Wapenzi wa kampuni huwa tunaambiana subiri, watasikia, toleo lijalo watarudisha. Ni kweli wanasikia. Lenovo waliondoa vitufe vitatu vya juu ya padi kwenye ThinkPad za kizazi cha T440 mwaka 2013, watu wanaosogeza mshale wa skrini kwa kile kidude chekundu cha katikati ya kibodi wakalia, 2015 vikarudi. Apple walianza kibodi ya kipepeo, ile nyembamba yenye vitufe vilivyokuwa vinakwama, 2015, 2018 wakafungua mpango wa kuitengeneza bure, na laptopu ya kwanza yenye kibodi nyingine ikaja Novemba 2019. HDMI na tundu la kadi vilivyoondolewa kwenye MacBook Pro mpya ya 2016 vilirudi 2021. Lakini angalia hizo miaka. Miwili, minne, mitano. Na vikirudi vinarudi kwenye mashine mpya, sio kwenye hiyo uliyonayo mkononi. Kwa hiyo lalamika kwa ajili ya laptopu yako ijayo, ila uamuzi wa hii ufanye kwa jinsi ilivyo leo.

Na ukilalamika, lalamika vizuri. Mwaka 2015 David Hill, aliyekuwa anaongoza usanifu wa ThinkPad, aliwauliza wazi watumiaji wangetaka nini kama ingetengenezwa ya kukumbuka enzi za zamani, wakajibu kwa undani kabisa, mpangilio wa kibodi, rangi za vitufe, na 2017 ikatoka ThinkPad 25 ya kuadhimisha miaka 25, yenye kibodi ya safu saba iliyokuwa imeondolewa tangu 2012. Majibu ya aina hiyo ndo yanafanyiwa kazi. "Mmeharibu laptopu yetu" haina pa kwenda, hata ingekuwa kweli. Andika modeli kamili, andika kazi unayoifanya, andika kitu kimoja, na omba kitu ambacho wanaweza kukutumia kwa apdeti. Mimi niliandika hivi:

"Natumia laptopu zenu tangu 2013, hii ni ya nne. Mmeondoa Ctrl ya kulia. Nahariri maandishi saa nane kwa siku na naitumia pamoja na mishale kwa mkono mmoja. Nimeibadilisha kwa programu lakini kwenye ukurasa wa nywila na kwenye Linux hairudi. Naomba muweke chaguo kwenye BIOS la kukifanya kitufe cha AI kiwe Ctrl, kama mlivyoweka la Fn."

Itume kwenye fomu yao ya maoni, na kama uliinunua kupitia kazini mpe na mtu wa IT aipeleke, maana anayenunua laptopu 300 kwa mwaka akiuliza jambo anajibiwa haraka kuliko sisi wa mojamoja.

Ile ya zamani

Kama umeamua kurudi kwenye ya zamani, au unaiweka akiba, kuna vitu viwili. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama prosesa yake haikubali Windows 11 usiiache kwenye intaneti hivihivi, weka Linux au ijiunge na ule mpango wa nyongeza wa apdeti za usalama, ukijua kwamba nao una mwisho. Cha pili ni betri, usiiweke kabatini ikiwa imejaa mia wala ikiwa tupu, iache kwenye asilimia 50 hivi, kila baada ya miezi mitatu iwashe uicheki. Iweke juu ya meza iliyonyooka ikiwa imefungwa, kama inacheza kwa chini au padi imeanza kunyanyuka, betri imevimba, usiichaji tena, mpelekee fundi aitoe.